Mboni Zangu Zimemshinda Mansuri

Jumanne, 2 Septemba 2025
Balaa! Nimesinzia kwenye kikao cha harusi ya binamu Shukuru, katikati ya sentensi yangu mwenyewe. Kuzinduka, jirani yangu Mansuri anaunyemelea u-MC wangu! Eti mimi mvivu na msahaulifu. Harusi ni Jumamosi; wazee wamenipa hadi Ijumaa nijisafishe. Dada Hidaya kawakumbusha kuwa nina narkolepsia, ugonjwa wa kusinzia ghafla. Kesho ananipeleka kwa Daktari Theresia, anayechunguza kumbukumbu za wagonjwa kama mimi kwa kupima mboni za macho.

Jumatano, 3 Septemba
Mpango: kuyaamsha macho mapema. Nikapaka pilipili chini ya kope. Kidogo tu! Kamera haikuona mboni, iliona mafuriko. Daktari kaniosha, kasema nirudi kesho bila viungo. Tena anatafuta watu wenye afya wa kutulinganisha nao. Nani kajitolea? Mansuri!

Alhamisi, 4 Septemba
Herufi zinapita kwenye skrini, unabonyeza ikijirudia uliyoiona punde. Mimi jasho, Mansuri miayo. Tumelingana alama! Ila mboni zangu zilipanuka kuliko zake. Daktari kaeleza kuwa ubongo wangu unatumia nguvu nyingi kukaa macho huku ukikumbuka. Nguvu zikiisha, umakini unakatika.
"Wewe si mvivu, Kibwana," kasema. "Unafanya kazi mbili kwa mpigo."
Sijawahi kuambiwa hivyo.
Kanisihi nimeze dawa, na nilale kidogo mchana kabla ya sherehe. Mansuri mwenyewe kawaambia wazee si uvivu. Hila gani hii? U-MC nimerudishiwa. Muhimu: mboni zangu zimemshinda!

Jumamosi, 6 Septemba
Harusi, Kilakala. Mchana Hidaya kanitandikia mkeka. Nikaukunja; bingwa hawezi kulala mchana! Nimeanza vizuri sana. Nikatoa kichekesho cha mama mkwe wa Gairo na gunia la karanga, nikakicheka mwenyewe, magoti yakalegea kama kawaida yangu nikicheka. Nikaangukia sinia la pilau. Usingizi hapohapo. Mansuri kamalizia shughuli, kasifiwa. Inasemekana kaniwekea mto kichwani. Mto! Mbele za watu!

Jumapili, 7 Septemba
Mansuri kaja kunijulia hali, na uji. Anapendekeza tushirikiane: mmoja aseme, mwenzake apumzike. Hidaya kafurahi karibu alie. Nimekataa. Kuna harusi nyingine Dumila wiki ijayo, nimeikubali peke yangu. Kulala mchana? Thubutu! Nimeazima miwani myeusi. Nikisinzia, nani atajua?