Faili la Muuza Mbao

Jumatatu, 3 Machi
Nimeamua. Muuza mbao hatamwoa fundi cherehani nikiwa hai. Nimempenda mama yule mwaka mzima. Nimempelekea suruali baada ya suruali apunguze urefu, zote zilikuwa sawa, sasa zinaishia magotini. Halafu anatokea huyu na kifua kama kabati, tayari anakaribishwa chai! Dada yangu, ninayekaa kwake, kasema subira huvuta heri. Nikamwambia heri yangu inavutwa na mtu mwingine.

Jioni kinyozi kanidokeza kwamba muuza mbao aliwahi kushtakiwa. Nimefurahi mno.

Jumanne, 4 Machi
Mahakamani, masijala. Nimevaa miwani ya dada ya kusomea, nifanane na wakili. Nimeupiga kumbo mlango. Karani, mwanamke mpole, kauliza namba ya kesi. Sina. Basi jina kamili la mshtakiwa na mwaka. Nikamnong'oneza kwamba hii ni siri nzito. Kajibu kwa sauti iliyofika hadi benchi la nje: si siri, kaka, kesi imekwisha, mtu yeyote anaweza kuomba, jaza fomu. Penye sababu nimeandika "utafiti".

Alhamisi, 6 Machi
Limepatikana! Kushambulia na kujeruhi! Faili nene. Kulisoma pale mezani ni bure, lakini kwa miwani ya dada naona ukungu mtupu. Nakala hulipiwa kwa kila ukurasa. Karani kanisihi nichukue hukumu yote, hasa mwisho wake. Anadhani nimezaliwa jana! Nimechukua ukurasa wa kwanza tu, wenye jina na shtaka. Kaugonga muhuri. Muhuri wenyewe mzuri ajabu.

Ijumaa, 7 Machi
Nimempelekea fundi. Nikasema nimekuja kama ndugu, roho inaniuma. Kasoma. Kasimamisha cherehani. Kauliza kurasa nyingine ziko wapi. Nikasema hazina jipya. Kashukuru, kasema Jumatatu atakwenda kujionea mwenyewe. Dada kasema mchimba kisima huingia mwenyewe. Nikamwomba tule kwa amani.

Jumatatu, 10 Machi
Balaa. Fundi kasoma faili lote. Kumbe muuza mbao alimtandika kibaka aliyekuwa akimnyang'anya bibi kizee mkoba. Hakimu alimwachia huru, tena akamsifu! Fundi alikuwa akinisimulia huku machozi yanamlengalenga. Si kwa ajili yangu.

Halafu, kwa kuwa alikwisha kufika, akaona aulizie na jina langu. Limo. Kesi ya jirani, ile aliyonishtaki kwa kumuuzia jogoo wake mwenyewe. Kachukua nakala ya kurasa zote, kaja nayo hadi nyumbani.

"Kaka, hata jogoo?" kaniuliza.

Dada kaiomba ile nakala, kaisoma kwa sauti wakati wa chakula, mpaka gharama za kesi.

Jumamosi, 15 Machi
Wamechumbiana. Nimelia. Nilimpenda kweli yule mama, na suruali za kuvaa sina.

Jumatatu, 17 Machi
Nimekwenda masijala kuomba kesi ya jogoo ifichwe. Karani kasema haiwezekani. Lakini kalisema kwa upole, kanivutia kiti, kanipa maji. Sauti ile! Macho yangu yalikuwa wapi siku zote? Kuna kikwazo kimoja tu: ana mchumba, dereva wa lori. Nikamuuliza jina lake kamili, kanitajia bila wasiwasi. Nimejaza fomu hapo hapo, nikamkabidhi mwenyewe.