Kumgeuza Warabi Awe Bata Bukini

Jumatatu, tarehe 4 Agosti

Mpunga umeanza kutoa mashuke. Leo tumewatoa bata wote shambani. Kwa miezi miwili wametusaidia kula magugu na wadudu bila kuchoka, lakini wakiona shuke hawaliachi. Sasa watanenepeshwa, Oktoba watachinjwa, kama kila mwaka. Hata Warabi, bata jike wangu! Nimelia kidogo nyuma ya banda. Kisha nikapata mpango.

Majira ya baridi Mwalimu Igarashi alituonyesha mtoni bata wa mwitu wanaokula nyasi. Midomo mifupi, minene, ya kukatia majani, kama ya bata bukini, ingawa si ndugu zao wa karibu. Chakula kimoja, mdomo mmoja. Ajabu tupu! Basi Warabi atakula nyasi tu, mdomo utakuwa wa bukini, mpunga hatautaka tena, atarudi shambani. Babu atamchinjia nini? Huu ndio utafiti wangu wa likizo.

Mdomo: milimita 54.

Jumatano, tarehe 6

Milimita 53! Nimempigia simu Mwalimu. Ameuliza kwa upole kama rula niliishika sawasawa. Akaeleza kwamba bata mmoja habadiliki hivyo. Ni maelfu ya vizazi, wenye mdomo unaofaa wakishiba na kuzaa zaidi. Maelezo mazuri sana. Nimeyanakili kwa kalamu ya kijani.

Dada Honami amesema basi na yeye atakula tambi tu, arefuke.

Jumamosi, tarehe 9

Milimita 52. Nikamwita Babu bandani ashuhudie. Huku nyasi mbichi, huku mashuke matatu niliyoyachuma bila kuomba. Nikamwachia Warabi.

Nyasi hakuzitazama. Alipitisha shuke katika mdomo ule mpana, vijino vya pembeni vilivyo kama kichanuo vikachuja, punje changa zote zikabaki ndani. Ustadi gani huo! Hata Babu aliinama kutazama.

"Huyo ni bata, mjukuu wangu," akasema. "Bata kamili."

Kisha akauliza mashuke yametoka wapi.

Jumapili, tarehe 10

Nimepalilia tangu asubuhi, adhabu ya mashuke. Babu alikuja na chai ya shayiri. Nikamweleza ukweli: sitaki Warabi achinjwe. Alikunywa kikombe chote. Akasema jike anaweza kubaki, atage mayai. Hadi Machi, halafu tutaona.

Hadi Machi! Kwa mwendo huu wa milimita moja kila siku mbili au tatu, itabidi nimpunguzie nyasi, mdomo usije ukaisha kabisa.