Nahodha wa Mbuji na Meli Iliyoungua

Jumatatu, 17 Novemba

Mambo yameiva! Mzee Rodrick wa Liuli amekubali kunisikiliza. Nilimpigia simu nikamwamkia shikamoo mara mbili, moja ya akiba. Kwamba mimi ni Mkatoliki na bintiye Eunice ni Mwanglikana, hilo ameshalimeza. Kinachomkwamisha ni maji. Akauliza iwapo mtu wa milimani, mkulima wa kahawa wa Mbuji, analijua ziwa. Nikajibu nimesafiri sana ziwani. Sijui nani aliutuma mdomo wangu. Akasema vizuri, basi Jumapili baada ya ibada nifike kwake kwa mtumbwi kutoka Mbamba Bay, atanisubiri ufukweni na ndugu zake, tuzungumze posa.

Eunice akapiga baadaye, anafoka. Kwa nini sikusema tu kwamba najua kahawa? Haelewi mikakati, masikini.

Jumanne, 18 Novemba

Nimeshuka Mbamba Bay. Nimefikia kwa mama mdogo Hedwiga, aliyeolewa huku. Redio ya kwenye basi ilizungumzia manahodha wa zamani waliozunguka dunia. Kila siku waliandika kitabu cha safari: upepo, mawimbi, visiwa walivyoviona. Na watu wanawaamini mpaka leo! Nani alikuwepo? Hakuna. Kitabu kimesema, basi.

Nimenunua kaunta buku. Nimeanza kuandika safari yangu leo leo, ili nikiwa majini mikono iwe huru. "Jumamosi. Mawimbi makali. Nahodha Pankras hatetereki." Mama mdogo akachungulia, akauliza mbona naandika ya Jumamosi na leo Jumanne. Nikamwambia huko ndiko kuona mbali. Akarudi kuanika dagaa wake wa usipa.

Jumatano, 19 Novemba

Mazoezi. Aibu tupu. Mtumbwi wa huku una mdomo mwembamba, unakaa juu na miguu unaitumbukiza ndani. Mimi nilipanda kama napanda kitanda. Nikapinduka! Nikapiga mayowe, nikasali Salamu Maria yote mpaka amina. Akaja Glorious, kijana mwenye boti ya injini, anatembea taratibu, akaniambia nisimame. Nikasimama. Maji ya magotini. Akina mama waliokuwa wanaosha vyombo waliacha kabisa kuosha.

Huyu Glorious namshuku. Anamtaja Eunice huku anatabasamu. Eti atanifundisha kupiga kasia bure. Bure! Nimekataa. Mtego nimeuona.

Ijumaa, 21 Novemba

Mkakati mpya, na huu ni kiboko. Kesho naondoka hapa na bodaboda, kasia begani. Nalala kijiji cha jirani na Liuli. Jumapili naazima mtumbwi nyuma ya mwamba mkubwa ulio karibu na ufukwe wa mzee, natokea upande wa pili nikiwa nimechoka. Kipande kilichobaki cha safari kitasemwa na kitabu. Sasa nahitaji tukio moja zito la kutia humo, la kumfunga mzee mdomo.

Jumamosi, 22 Novemba

Tukio limekuja lenyewe! Nikiwa juu ya bodaboda nikaona moshi katikati ya ziwa. Moshi mweusi, nguzo kwa nguzo, unapanda mpaka mawinguni. Meli inaungua! Nikamsimamisha dereva, nikaandika hapo hapo kando ya barabara. "Meli inawaka. Nimepiga kasia kuelekea motoni. Nimeokoa mabaharia wawili wa Malawi. Wamenishukuru kwa Kichewa." Uzuri wake, ule moshi kila mtu wa pwani hii ameuona. Nani atabisha? Dereva akataka kunieleza kitu kuhusu huo moshi. Nikamwambia nahodha akiandika hasumbuliwi.

Jumapili, 23 Novemba

Nilitokea nyuma ya mwamba nikienda kinyumenyume, lakini nilifika. Watu wamejaa na nguo zao za kanisani. Mzee Rodrick akapokea kitabu kwa mikono miwili, akavaa miwani, akasoma kwa sauti. Alipofika kwenye moto, akavua miwani, akanitazama. Nikasema moyoni, nimeoa.

Akauliza moto ulikuwa mkali? Nikajibu nusura nyusi ziteketee. Harufu je? Ya dizeli. Bibi mmoja akakaa chini mchangani. Wa pili akamfuata. Nilidhani ni uchungu. Kumbe wamekufa kwa kicheko!

Kungu! Wadudu, wadogo kuliko mbu, wanaibuka ziwani kwa mamilioni na kupanda juu mpaka ukiwa mbali unaona moshi. Watoto wa huku wanalijua hilo kabla hawajaota meno. Kwetu Mbuji ukiona moshi, kuna mtu anachoma shamba, hakuna maelezo mengine. Na kungu huliwa! Tulipofika nyumbani, mke wa mzee akaniletea andazi jeusi, la wadudu walionaswa jana hiyo hiyo. Nikaila meli yangu na ugali. Haina ubaya, ina chumvi kidogo.

Kisha mzee akaacha kucheka. Akasema alijua tangu Jumatano kwamba sijui maji, Glorious alimwambia. Glorious ni mtoto wa mama mkubwa wa Eunice! Wiki nzima alikuwa ananitetea kwa mzee. Mzee akasema wavuvi anao tele, hakutaka mwingine. Alitaka kusikia kinywani mwangu neno "sijui". Ziwani, akasema, mwenzako akikudanganya kwamba anajua, mnakufa wote. Eunice alisimama mlangoni, machozi yanamtoka, hakunitazama. Iliniuma. Iliniuma sana.

Nimepewa nafasi ya mwisho. Jumapili ijayo nije na basi, niseme ukweli. Nikileta tena hadithi, nisahau nyumba hiyo.

Jumatatu, 24 Novemba

Nimelia. Nimetubu. Kitabu cha safari nimekitia jikoni kwa mama mdogo, kimeivisha maharage. Kuanzia leo ukweli mtupu. Eunice ameandika: panda basi, njoo kama ulivyo, mwambie baba hujui maji, yaishe. Nampenda huyu binti jamani.

Nitasema. Kuhusu maji nitasema yote. Ila nchi kavu sikuulizwa. Na mkwe kuteremka kwenye basi hivi hivi, na mfuko wa kahawa kama mchuuzi, hapana. Nimefikiria nyati. Alinivamia kwenye hifadhi ya Liparamba, nikamkamata pembe zote mbili. Liparamba haiko njiani, najua, lakini nyati wana miguu. Na safari hii siandiki popote, kosa langu lilikuwa kuandika. Nimemwomba mama mdogo damu ya kuku kidogo, ya kupaka kwenye shati. Amenitazama, akaenda kuwafungia kuku wake bandani.

Eunice nimemjibu: nitakuja kama nilivyo, nyati akiniachia.