Milango Tatu ku Beni

Jumatatu, tarehe 3 mwezi wa sita

Nimechoka kuwa locataire, mupangaji! Leo bailleur yetu, mwenye nyumba, aliingia tena mu parcelle, akasema mama yangu hapana kutwanga sombe, ile majani ya muhogo, ukuta yake inapasuka. Atwange mu nini kwanza? Yeye, mama Jokébed, alikimbia vita ya Beni na mchi tu. Kinu kilibaki kule, ku rafiki yake Abigaïl. Huku Butembo anatwangia mu ndoo. Sasa hata ndoo, hapana.

Analala mu salon yetu, nyuma ya rideau, pazia tu. Aliuza shamba ya kakao ya marehemu baba, akanitia feza yote mu mukono. Alisema: "Onésime, nunua nyumba ya milango mingi, kila mulango makao yake. Milango mingine upangishe batu. Mulango moja ikuwe yangu, nitwange bila mutu kuniuliza." Niliapa. Bibi yangu wa ndoa, Joyeuse, ni shahidi.

Donc, mi ni investisseur, mutu wa kuzalisha feza na nyumba. Kazi ya kwanza ni kujua quartier, mutaa gani iko muzuri. Bacommissionnaire, badalali ya nyumba, banadanganya. Mais ku matanga batu banasema kweli yote! Unaingia, unalia kidogo, unakaa ku kiti ya plastique, unapewa chai. Hakuna mwenye kukuuliza we ni ndugu ya nani. Mbele chai iishe, umejua fasi maji inapita, fasi udongo inateremuka na mvua, na nani hapendi kulipa loyer, kodi ya nyumba. Shemeki Jéthro, kaka ya Joyeuse, yeye na banyumba yake anazotangaza kila mahali, hakuwaza hii hata siku moja.

Alhamisi, tarehe 6

Matanga ku Furu, huku huku Butembo. Nililia muzuri kupita batoto ya marehemu. Mujane, mama Victorine, akanishika mukono, akauliza tulijuana na bwana yake wapi. Nikasema ku kazi. Akasema bwana yake alikuwa pasteur. Nikasema ndiyo, njo ile kazi. Akanibariki.

Nyumba sasa! Bati mupya, robinet ya maji karibu, milango mbili, na nyuma uwanja ya kutosha kinu na mama mwenye kutwanga. Mujane anataka kuuza arudi ku ndugu zake Lubero, na bei haiumize. Mais njiani nikapiga hesabu. Milango mbili, toa ya mama, inabaki moja. Moja! Ile si investissement, ile ni huruma. Nikaachana nayo.

Mama akaniuliza: "Nyumba iko wapi?" Nikasema tuko karibu. Anakohoa. Ku dispensaire balisema ni baridi ya Butembo, yeye alizoea joto ya Beni. Balimupa sirop.

Jumanne, tarehe 11

Nyamuhanga, Mungu wangu! Jéthro amenunua nyumba ya mama Victorine! Nani alimwambia? Mi mwenyewe, Jumapili, nikimuonyesha namna investisseur anakataa nyumba.

Akakuja kusalimia mama na soksi yake nyeupe, akamwambia uwanja iko pale, aje atwange siku yote anapenda. Mama akafurahi kama mutoto, akashika mchi. Nikakataa. Mama yangu atatwanga ku nyumba ya feza yake, hapana ku uwanja ya shemeki. Joyeuse akaniambia niko na kichwa ngumu kupita jiwe ya Lubero. Mama alirudisha mchi nyuma ya rideau.

Ijumaa, tarehe 14

Abigaïl amekufa ku Beni, habari ilifika juzi. Mama alitaka tuende wote bawili. Nikamwambia barabara ni mubaya na kifua yake haiwezi. Ni kweli. Ni kweli pia kama tiketi moja ni bei ndogo kuliko mbili. Akanituma vitu viwili: nimulilie rafiki yake, nirudishe kinu.

Nililia. Haki ya Mungu, nililia, yule mama alinipakuliaka ugali nikiwa mudogo. Mais kisha chai batu bakaanza kusema bei za nyumba, masikio yangu ikasimama. Milango tatu, ku Mabakanga, quartier ya Beni pale, kwa feza ya milango mbili! Moja ya mama, mbili za kupangisha. Feza ya mama natembeaka nayo mu koti; mwenye nyumba aliihesabu akiwa wima, pikipiki yake inanguruma inje. Hakunipa hata muda ya kuuliza. Nikasema: huyu mutu hajui biashara. Tulisaini mbele ya chef wa quartier, na yeye akanitazama kwa huruma. Nikazani ni wivu.

Kinu? Chauffeur alitaka nilipe fasi ya batu bawili. Ya kinu! Mutu wa nyumba anachunga matumizi. Nikaiacha.

Jumapili, tarehe 16

Kisha ibada nikamweleza mama yote. Nikamwambia bei ilikuwa muzuri sababu ku Mabakanga hakuna concurrence, hakuna mushindani.

Akasema: "Mutoto yangu, mi nilikimbia kule. Balocataire nao balikimbia. Ni nani atakulipa?"

Mama akacheka, akacheka mpaka kifua ikamushika, Joyeuse akakimbia na maji. Mi pia nilicheka. Kisha nikatoka inje, haya ikanimaliza.

Aliuliza kinu. Nikasema safari ingine. Akasema basi tuende wote, sasa yeye iko na mulango yake kule, na heri hofu ya Beni kuliko hii baridi. Nikamuomba angoje kidogo: nipate locataire wa ile milango mbili, loyer yao itulipie tiketi. Alisema sawa. Akaanza kufunga mapagne, vitenge yake, mu kifurushi.

Alhamisi, tarehe 20

Mama amekufa asubuhi, nyuma ya rideau. Joyeuse alimuletea chai, akaita, hakuitika. Kifurushi ilikuwa imefungwa ku miguu yake, na mchi juu.

Mama yangu. Alinipa shamba yote, nikamunyima mulango.

Ijumaa, tarehe 21

Tumemuzika. Bamama ya kanisa baliazima kinu fulani, banatwanga sombe ya matanga tangu asubuhi na mchi ya mama. Bailleur amekaa kiti ya mbele. Leo ukuta yake haipasuke. Alikula sombe sahani mbili, akasema iko laini. Nikaenda nyuma ya jikoni, nikalia fasi hakuna mutu wa kuniona. Jéthro alinifuata kule, akanishika bega. Ningependa anitukane.

Jumamosi, tarehe 22

Leo aliingia mutu hatumujui. Mwalimu Ilunga, katoka Katanga, serikali ilimutuma huku. Alilia muzuri kabisa, kupita mi. Akakaa jirani yangu, akapewa chai, akainama, akauliza polepole: pole sana, ndugu, maji inapita hapa kila siku? Na udongo, ikinyesha?

Nikaelewa palepale. Akili yangu! Ku matanga ya mama yangu! Damu ikanipanda. Joyeuse naye alielewa, akaniangalia, akangoja nimufukuze.

Mais anasikiliza muzuri, yule mutu. Nikamwambia niko na nyumba ku Beni, milango tatu, kimya kabisa, hakuna jirani wa kusumbua. Akauliza bajirani balienda wapi. Kumbe ni mujanja! Akaniambia kesho kuna matanga ku Vutetse, hapa Butembo, nyumba ya milango nne, mujane anataka kuuza. Joyeuse akasimama, akaenda kulala ku kaka yake.

Ilunga atanipitia kisha ibada. Nimeosha mchi ya mama, nimelia nikiosha. Nitaenda nayo. Mutu akiingia ku matanga na mchi mu mukono, banamupisha mpaka nyuma, ku bamama wenye kutwanga, kule anaona milango yote.