Mama Mkwe, Binti Yako Ameigawa Kompyuta Yetu

Kwa Mama Mkwe mheshimiwa,
Nyumbani kwako, chumba cha mbele, kwenye kiti chenye mto.

Shikamoo Mama.

YAH: OMBI LA KUFUTA UPANDE WA BINTI YAKO

Tafadhali usishtuke na kichwa hicho cha barua. Sikusudii kumfuta binti yako. Nakusudia kufuta upande wake wa kompyuta, na hata huo nimeona si adabu kuufuta bila ridhaa ya mzazi.

Huku sote wazima. Mjukuu wako ameng'oka jino la mbele, sasa mtaa mzima unamwita Pengo, na jina amelipenda kuliko lile tulilompa. Habari njema zinaishia hapo.

Kama ujuavyo, mimi napiga video za harusi na binti yako anachora ramani za nyumba. Wote wawili tunafanyia kazi chumba cha nyuma, meza moja, kompyuta moja. Programu yake ya kuchorea inataka mfumo mmoja, yangu ya kukatia video inataka mwingine. Ili twende pamoja, nikueleze kidogo. Kompyuta ni kama nyumba tupu. Ukiiwasha lazima kuwe na mwenyeji wa kukupokea, anayejua vyombo viko wapi na taa zinawashiwa wapi. Wataalamu wanamwita mfumo endeshi. Nyumba za watu wenye akili zao zina mwenyeji mmoja. Yetu tangu mwezi uliopita ina wawili, hawasalimiani, na akiamka huyu, yule amelala.

Aliyewaweka ni binti yako, kwa mikono yake mwenyewe. Hakuita fundi. Alikaa na flashi moja, miwani puani, akanitoa chumbani akisema, "Baba Pengo, nenda kachemshe maji. Hapa ukinisemesha tu nafuta diski nzima." Nikaenda kuchemsha maji. Laiti ningejua, ningekaa nimsemeshe.

Malalamiko yangu ni haya yafuatayo.

1. Orodha. Ukiwasha kompyuta yetu, kabla ya lolote kinatokea kioo cheusi chenye mistari miwili. Mstari wa kwanza ni upande wake. Wa pili ni wangu. Hilo ningelimeza, mimi si mtu wa makuu. Lakini mashine inasubiri sekunde kumi tu, na usipochagua inajipeleka yenyewe kwa binti yako. Sasa Mama, mimi nikishawasha huwa naenda kuweka maji jikoni, ndivyo nilivyozoea tangu ujana. Nikirudi nakuta picha yake ya kwenye kioo, ua la zambarau, linanitazama. Nazima kwa hasira. Nawasha tena. Nakumbuka maji yanachemka, nakimbilia jikoni. Nikirudi, ua. Nilipomlalamikia alinijibu, "Si usubiri hapo hapo? Kwani maji yana miguu?" Nimeolewa na mtu wa namna hiyo, Mama, na ninasema nimeolewa kwa sababu ndivyo ninavyojisikia siku hizi.

2. Mipaka. Diski aliigawa kama anavyogawa kiwanja cha mteja, kwa kipimo, bila huruma. Nusu yake, nusu yangu. Utasema ni haki. Lakini hebu pima uzito wa kazi. Nyumba ya ghorofa mbili, pamoja na ngazi zake, vyoo vyake na tangi la maji juu ya paa, kwenye kompyuta haichukui nafasi ya bibi harusi mmoja anayekata keki. Na mabibi harusi wangu hukata keki polepole. Upande wangu umejaa mpaka mlangoni. Nimeanza kuwafuta mashangazi wanaocheza nyuma ya meza kuu, na shangazi mmoja ameshagundua, ananitafuta. Upande wa binti yako, wakati huo huo, ni uwanda mtupu, mtu angeweza kuchezea mpira.

Nilipomuuliza kwa nini nusu kwa nusu, akasema ni agizo lako. Nikabisha. Akanifungulia video ya harusi yetu, ile niliyojirekodi mwenyewe kwa kamera iliyosimama peke yake ukumbini, ambayo mpaka leo sijapata nafasi ya kuihariri. Na kweli Mama, uko pale, umeshika maikrofoni kwa mikono miwili, unasema, "Wanangu, kila mtakachopata, gawaneni nusu kwa nusu." Watu wanapiga vigelegele. Mimi mwenyewe naonekana nikiitikia kwa kichwa, tena kwa nguvu. Kwa hiyo, kwa unyenyekevu mkubwa na heshima zote, katika shauri hili mshtakiwa wa pili ni wewe.

3. Kuchunguliana. Akiwa upande wake anaona kila kitu changu, chumba kwa chumba. Mimi nikiwa kwangu, upande wake nauona kama sanduku jeusi lisilo na jina. Nikiligusa tu, kompyuta inaniandikia kwa upole: "Diski hii haitambuliki. Je, ungependa ifutwe ili itumike?" Halafu inaniwekea vitufe viwili, Ndiyo na Hapana. Hebu fikiria, Mama. Umenuniana na jirani, na kila asubuhi mtu usiyemjua anabisha hodi kukuuliza kama ungependa nyumba ya jirani itoweke. Tena anakuuliza vizuri, na "ungependa" juu. Mpaka sasa nimekuwa nikibofya Hapana. Lakini kidole ni nyama, kinachoka.

Na hapo ndipo penye kidonda. Binti yako anaficha kitu. Nikiingia chumbani ghafla anafunga alichokuwa anachora. "Kazi ya mteja," anasema. Mteja gani? Anacheka tu. Zamani tulikuwa tukikaa wote wawili mezani, mimi nakata video, yeye yuko begani kwangu ananiambia, huyo mzee anayecheza mwache, anachekesha. Siku hizi kila mtu na zamu yake, kila mtu na mwenyeji wake. Najua, nikichelewa jikoni najikuta kwake, ningeweza kujaribu kuangalia. Sijawahi kugusa kitu. Mimi si mtu wa kupekua. Nazima, narudi kwangu, nanuna. Limeniuma, Mama, nisiseme uongo. Diski ingekuwa robo ningevumilia, lakini hili limeniuma.

4. Saa. Wenyeji hawa wawili hawakubaliani hata saa ngapi. Kila akitoka yeye nikaingia mimi, saa ya upande wangu inakuwa imerudi nyuma saa kadhaa, na haisemi. Jumamosi iliyopita nilikaa nahariri kwa raha zangu, simu iko kwenye chaji sebuleni, jicho moja kwenye saa ya kompyuta, najiambia bado mapema. Nilifika ukumbini nimefunga tai, kamera mbili shingoni, nikakuta wanapakia viti kwenye lori. Bibi harusi alikuwa ameshavua viatu. Bwana harusi akaniuliza kama nimekuja kurekodi talaka. Kwa kuwa nilikuwa nimeshafika, nikarekodi viti. Ni video nzuri, mwanga safi kabisa, lakini wenyewe hawajaipenda.

5. Lalamiko la tano nimeliondoa kwa heshima yako, maana linahusu kitanda na nani alale upande gani.

6. Malezi ya mtoto. Pengo anaona yote. Juzi nilimtuma aoshe vikombe. Akasimama katikati ya sebule, anatikisa vidole kimoja kimoja. Alipomaliza vidole vyote kumi akasema, "Muda umeisha, nimeshaenda upande wa mama," akatoka nje kucheza. Nikageuka nimwombe mama yake anisaidie kumkanya. Mama yake alikuwa ameshika ukuta kwa kicheko.

Kwa hali hiyo, Mama, ukiachia mambo yaendelee, kesho itagawanywa redio, keshokutwa jiko, na mwisho wake mimi mwenyewe nitawekewa mwenyeji wa pili, anayejibu kwa adabu na asiyesahau kununua sabuni, na yeye ndiye atakuwa mstari wa kwanza. Naomba basi unipe moja kati ya mambo mawili.

Ama unipe ridhaa, kwa maandishi, nibofye Ndiyo mara moja tu, upande wa binti yako ufutike, na kompyuta irudi kuwa na mwenyeji mmoja kama Mungu alivyokusudia.

Ama, kama moyo wa mzazi utakataa, basi uhamie kwetu. Kazi yako itakuwa nyepesi. Utakaa karibu na kompyuta kila ninapoiwasha, na mimi nikienda jikoni utabonyeza kitufe cha mshale wa chini, mara moja, kwa niaba yangu. Najua wakwe wengine huomba kinyume cha hili. Ujue tu hali yangu imefika wapi.

Nisalimie mashemeji wote bila kubagua, hata yule anayesema kamera yangu ilimnenepesha. Nisalimie jirani yako mwenye kuku wengi, na kuku wenyewe. Pengo anakusalimu kwa mluzi, anaupigia penye pengo.

Ni mimi mkweo mtiifu,
Mpiga video,
Mstari wa pili.

Nyongeza. Haya ya chini nayaandika kwa mkono, utanisamehe mwandiko. Barua nilimaliza kuiandika jana, leo nikataka kuichapa. Printa kwa upande wangu imegoma, inasema haijawahi kuniona maishani. Nikazima, nikawasha tena, nikaenda kabatini kutafuta karatasi. Nikarudi: ua la zambarau. Safari hii nilikuwa nimechoka hata kuzima. Nikakaa. Kumbe hakuweka neno la siri, mlango ulikuwa wazi siku zote. Kumbe printa kwake inaitika mara moja. Na barua yangu niliiona kutoka huko huko, maana kwake vyangu vyote vinaonekana. Kwa hiyo karatasi uliyoshika, ya kuomba upande ule ufutwe, imechapwa na upande ule ule.

Kando ya ua kulikuwa na folda imeandikwa "Kwetu". Mimi si mtu wa kupekua. Nikapekua. Ni ramani ya nyumba, Mama. Ina jiko lenye dirisha kubwa, na nyuma yake chumba cha kazi chenye meza mbili zimewekwa bega kwa bega, kila moja na kompyuta yake. Kutoka meza yangu mpaka jikoni ameweka mlango, na pembeni ameandika kwa herufi ndogo: hatua chache, awahi kurudi. Pale panapoandikwa jina la mteja ameandika "Sisi". Kujenga hatujui lini, lakini nilikaa pale nikalia kidogo. Kisha nikakumbuka kile kidole changu. Kumbe kila asubuhi nilikuwa naulizwa kama ningependa nyumba yangu mwenyewe itoweke.

Akanikuta hapo hapo. Kabla sijaificha barua akasema, "Usijisumbue, nimeisoma tangu jana. Nimekurekebishia na herufi, neno mshtakiwa ulilikosea herufi mbili." Amecheka hana mbavu. Nikamweleza ya saa. "Sasa hilo si ungesema tu, baba watu?" Akaandika mstari mmoja, wenyeji wakapatana saa. Akasema hata orodha anaweza kuigeuza, mimi niwe juu. Nimemkatalia. Bila zile sekunde kumi nisingeingia kule.

Barua anataka niitume hivyo hivyo, na wewe ucheke. Ombi la kwanza lichane, tafadhali, vipande vidogo. La pili libaki, maana kwenye ramani kuna chumba kimeandikwa "Mama", kinapata jua la asubuhi. Nimekipima kwa rula. Ni kikubwa kuliko chumba chetu cha kazi. Silalamiki.