Watatu Wameshika Ngazi ya Kiwembe

Mzee Taarifa alipoongeza sauti ya redio pale kijiweni kwa Bi Kahawa, vikombe vya kahawa viliishia njiani kabla ya kufika midomoni. Msemaji wa zimamoto alikuwa anaonya: msimu wa sikukuu umefika, watu wanapamba nyumba, na watu hao hao ndio wanaojaza wodi za mifupa.

“Mmesikia?” Taarifa aliinua kidole juu. Mlinzi huyu mstaafu hawezi kusikia habari bila kuitangaza upya. “Usipande kiti juu ya meza! Usichomeke kila kitu kwenye soketi moja! Na ukipanda ngazi, ishikwe!”

“Wanatutisha tu,” alisema Breki, dereva wa lori. “Mimi kwangu soketi moja inabeba jokofu, pasi, televisheni na simu za ukoo mzima. Haijawahi kulalamika.”

“Italalamikaje, na imeshazimia?” Bi Kahawa alidakia huku akimimina. “Juzi si ulikuja hapa unanuka moshi?”

“Lile lilikuwa pazia.”

“Pazia lilijichoma lenyewe?”

“Lilisogelea waya bila ruhusa yangu!”

Kijiwe kizima kililipuka kwa kicheko, isipokuwa Kiwembe. Kinyozi huyu alikuwa ameegemeza miguu kwenye boksi la taa za rangi, macho yake kwenye nyumba yake ng’ambo ya barabara. Jioni hiyo mama mkwe wake alikuwa anakuja kula nao sikukuu. Safari iliyopita mama huyo alitundika mkoba kwenye msumari uliogongwa na Kiwembe, msumari ukang’oka na kipande cha ukuta. Akamuuliza binti yake, mbele ya Kiwembe mwenyewe, kama siku ya kuchagua mume wanaume walikuwa wamekwisha. Neno hilo lilimkaa Kiwembe kooni mpaka leo. Safari hii alitaka mama mkwe akute nyumba inang’aa, aimeze kauli yake bila maji.

“Sasa wewe,” Breki alimgeukia, “hizo taa utazipandishaje?”

Kiwembe alijikuna kichwa. “Nilifikiria kiti. Juu ya meza.”

“Toba!” Bi Kahawa aliweka birika chini. “Unataka kumpokea mkweo ukiwa na plasta mpaka kiunoni?”

“Na sisi tupo?” Taarifa alisimama. “Haiwezekani! Ngazi itafutwe, tutaishika wenyewe!”

Wakaazima ngazi ya fundi rangi wa jirani, wakavuka nayo barabara kwa kelele kana kwamba wamebeba jeneza la adui. Mke wa Kiwembe alitoka mlangoni, akawatazama mmoja mmoja.

“Shemeji zangu, nawaomba. Sina mume wa akiba.”

“Shemeji, ingia ndani upumzike,” Breki alimjibu. “Ngazi imekamatwa na watu wazima.”

Na kweli ilikamatwa. Taarifa kushoto, Breki kulia, Bi Kahawa kwa mbele. Kiwembe akapanda, akaanza kutundika taa kwenye ukingo wa paa. Kila alipofunga kipande kimoja, moyo ulimpanda kwa furaha. Kwa mara ya kwanza nyumba ile ilianza kuonekana ya mtu mwenye akili zake.

“Unaona?” Breki alisema huko chini. “Ingetosha kabisa kushikwa na mtu mmoja, kama walivyosema.”

“Wamesema wawili,” Taarifa alimkosoa.

“Mmoja!”

“Redio ya nani? Wamesema wawili!” Kidole cha Taarifa kikapaa juu, na mkono wake mwingine ukakifuata.

“Mzee, wewe masikio yako yamebaki hivi!” Breki, ambaye hasemi kitu bila kuonyesha ukubwa wake, alitumia mikono yote miwili.

“Nyinyi wote waongo, hawakutaja idadi!” Bi Kahawa alishika kiuno.

Ngazi ikabaki na Mungu tu, ikateleza. Kiwembe alidaka boriti ya paa, akaning’inia, miguu ikipiga hewa na taa zimemzunguka tumbo na mabega.

“Ngaziii!”

“Subiri, ndiyo tunayoizungumzia!” Breki alijibu bila kutazama juu.

Wakati huo teksi ilisimama getini. Mke wa Kiwembe, akichungulia dirishani, alimwona mama yake akishuka. Kwa haraka ya kumkaribisha alikimbilia swichi, akawasha. Nyekundu, kijani na njano zikaanza kukonyeza ukingo wote wa paa, pamoja na Kiwembe, aliyekuwa bado anaililia ngazi.

Mama mkwe aliweka begi chini, akarekebisha miwani. Alilitazama paa kutoka pembe hadi pembe.

“Mwanangu,” alimwambia binti aliyetoka mbio kumpokea, “nyumba imependeza! Hongereni sana!”

Kiwembe, huko juu, alisahau mikono inayomuuma. Tabasamu likaanza kumjia.

“Ila hilo pambo la katikati,” mama mkwe aliongeza, “mbona linapiga kelele?”