Stelingi ya Kidole Kimoja

Jumatatu, 16 Juni

Mabega yanauma. Trekta langu dogo lilizeekea kwenye bustani za watu, likikata majani, kabla halijawa langu. Stelingi yake ni ngumu kama kumgeuza punda asiyetaka. Kona ya kwanza, jasho. Kona ya pili, naomba maji.

Leo jirani yangu Nuhu amenipita hapa Likombe na trekta lake lenye stelingi ya pawa. Anageuza usukani kwa kidole kimoja! Mkono mwingine ameshika muhogo wa kuchemsha. Akasimama, akaniuliza mbele ya wanywa kahawa kama naendesha au napigana mieleka. Wakacheka wote. Hata yule ambaye hana baiskeli.

Ningevumilia. Ila mama mkwe wangu, Bi. Riziki, anataka shamba lake la mikorosho, njia ya Kilambo, lisafishwe magugu kabla maua hayajatoka. Kasema Jumapili twende sote wawili, mimi na Nuhu. Atakayekata kona bila kugusa mti ndiye atakayepewa kazi. Mkwe kushindanishwa na jirani! Tangu nimwoe binti yake hajawahi kunitaja jina langu, Fikirini. Ananiita "huyo bwana".

Nimeamua. Naweka pawa.

Mke wangu Mastura kauliza kwa nini nisimwombe Nuhu anielekeze namna ya kukata kona. Kuna maswali hayajibiwi.

Jumanne, 17 Juni

Nimeshinda mjini kwenye vyuma chakavu. Nimepata pampu ya pawa ya gari dogo lililokufa, valvu ya kukaa chini ya usukani, silinda ya kusukuma magurudumu na mipira miwili ya kupitishia oili. Muuzaji kauliza vinakwenda kwenye gari gani. Nikamwambia ni siri. Akaniangalia kwa heshima kubwa.

Fundi wa kwanza kataka kupima kwanza. Sina muda wa watu wa kupima. Nimekwenda kwa Faraja, mchomeleaji. Yeye kauliza tu kama ninaona aibu trekta likiwa na makovu. Tumeelewana.

Alhamisi, 19 Juni

Imefungwa! Pampu iko ubavuni mwa injini, inazungushwa na mkanda. Tulikosa tangi la oili. Nikakumbuka kopo kubwa la Mastura la mdalasini. Mdalasini nimeumwaga kwenye sufuria, nikaufunika vizuri. Kopo nililifuta kwa kitambaa. Oili ikipata moto inanukia kama pilau la harusi. Hilo hata Nuhu hana.

Nikawasha. Nikagusa usukani kwa kidole. Magurudumu yakageuka! Machozi yalinitoka, nikasingizia moshi.

Kasoro ndogo. Ukigeuza kulia, trekta linakwenda kushoto.

Faraja kasema tumepishanisha mipira, tukiibadilisha inakwisha. Nimekataa katakata. Trekta likigeukia upande usio wake, mwizi atalipeleka wapi? Na Nuhu hatakuja kuliazima kamwe. Hii si kasoro, ni ulinzi. Nitajifunza mimi.

Ijumaa, 20 Juni

Baada ya swala nimefanya mazoezi kwenye uwanja mtupu. Mkono wa kushoto nimeandika KULIA, wa kulia nimeandika KUSHOTO. Mwanzoni nilimkimbiza mbuzi wa watu bila kukusudia. Kufikia alasiri nilikuwa nazunguka kama maji. Kichwa kimeshika kabisa!

Kimeshika mno. Trekta nimelirudisha kwa Faraja. Wakati wa kurudi nyumbani nimeazima baiskeli, nikaiona bodaboda, nikaikwepa, nikaingia mtaroni na kanzu yangu nyeupe. Mastura kauliza nimetoka msikiti gani. Nimemwambia maendeleo yana gharama zake. Kisha akauliza kuhusu mdalasini. Nikalala mapema.

Jumamosi, 21 Juni

Nimekwenda msibani Mikindani. Trekta nimeliacha kwa Faraja akaze nati. Jioni nimelikuta limefutwa hadi linang'aa. Faraja anatabasamu peke yake. Kijana mwema.

Kesho Bi. Riziki atanijua.

Jumapili, 22 Juni

Niandike haraka.

Watu walijaa. Bi. Riziki alikaa kwenye kiti cha plastiki, amejifunga khanga mpya. Nikampa shikamoo kwa mbali, kwa adabu zote. Kamwuliza Mastura kama huyo bwana amekula. Nuhu alianza. Alikwenda, akageuka, akarudi. Hakugusa hata jani. Shati jeupe, mikono imekunjwa! Hivi nani anavaa shati jeupe shambani?

Zamu yangu. Mstari wa kwanza, mnyoofu kabisa. Nikasikia mtu akisema kumbe anaweza. Mwisho wa mstari nilitakiwa kukata kulia. Nikageuza kushoto, kwa kidole kimoja, huku namwangalia Nuhu machoni.

Trekta likaenda kushoto.

Nikageuza zaidi. Likaenda zaidi! Kila nilivyolirekebisha lilizidi kuharibika. Likapita katikati ya bafu la makuti la mama mkwe. Hapakuwa na mtu, alhamdulillahi. Nikatokea upande wa pili na ndoo juu ya bomba la moshi. Breki nilikanyaga, zikanisikia kwa mbali. Mpira mmoja ukapasuka pwaa! Oili yote ikamwendea Nuhu, kuanzia kola mpaka viatu. Kisha kichuguu kikanipokea.

Kuku walitawanyika kila upande.

Bi. Riziki akasimama. "Fikirini! Zima hilo dubwana!"

Nikazima. Faraja akaja mbio, amefurahi kama bwana harusi.

"Umeionaje kaka? Jana ulipokuwa msibani niliibadilisha ile mipira. Sasa kulia ni kulia. Nilitaka iwe zawadi!"

Nilimshukuru.

Jumatatu, 23 Juni

Kazi kapewa Nuhu. Ameoga na kurudia kuoga, bado ananukia mdalasini. Mbuzi wanamfuata barabarani. Nilimpa pole nikiwa nimesimama upande wa upepo.

Nimeshinda kwa mama mkwe nikijenga bafu upya. Mchana kaleta ugali na samaki mwenyewe, akaweka chini, akasema, "Fikirini, kula. Halafu mlango ugeuzie upande ule, jua lisiingie." Kwa jina, tena kwa upole! Nimegeuza mlango. Nimekosea upande. Nimegeuza tena.

Usiku Mastura alianza kucheka akiwa anatandika kitanda. Alicheka mpaka akakaa chini, akajifuta machozi kwa khanga. Ile ndoo ndiyo iliyomshinda, kasema. Kisha akaniuliza ni nani aliyewahi kuniomba niwe Nuhu, maana yeye hakuniomba. Nikacheka naye. Siku nzuri, ukiitazama vizuri.

Jumatano, 25 Juni

Nimefikiri sana. Mtu akipata ajali lazima ajifunze, la sivyo ajali ni ya bure.

Mimi nimejifunza. Tatizo halikuwa stelingi. Stelingi ilifanya kazi tena vizuri mno. Tatizo ni breki!

Leo kwenye vyuma chakavu nimeona breki za upepo za basi zima. Upepo! Basi lenye abiria na magunia linasimama, litashindwaje trekta langu? Faraja kasema inawezekana. Tunaanza kesho asubuhi, na hakuna kupima.

Kinachokosekana ni chombo cha kuhifadhia upepo. Kiwe cha chuma, cha mviringo, chenye shingo nzuri.

Mastura kaniuliza ninatikisa nini jikoni. Nimemwambia naangalia kama gesi kwenye mtungi inakaribia kuisha.